Ushauri: Binti Yangu Amenilipia Hamamu, Nami Naona Haya

Kwako Mshauri,

Huku Mau Narok wiki hii jalidi imechoma viazi hadi majani yakawa meusi. Mimi ni mama wa miaka 58, mkulima, na kanisani ni mmoja wa viongozi wa akina mama. Sijawahi kutoka nje ya Kenya. Mombasa nimefika mara moja tu, kwa mkutano wa kanisa, na baharini niliingiza miguu basi.

Kitinda mimba wangu ni muuguzi Ujerumani. Mwaka huu hakupata likizo ya kutosha kuja nyumbani, kwa hiyo amenitumia tiketi tukutane Istanbul tukae siku tano. Nilifurahi hata nikakosa usingizi. Kisha akanitumia picha kwenye simu: chumba cha marumaru chenye kuba, wanawake wamelala juu ya jiwe, wamefunikwa mapovu, wanasuguliwa. Akaandika, "Mama, hapa nimekulipia. Utaogeshwa na kukandwa mpaka usahau shamba."

Tangu siku hiyo sina raha. Nivue nguo mbele ya watu nisiowajua, kwa umri huu, na mwili huu uliozaa watoto watano? Mume wangu aliposikia neno masaji alisema hayo ni mambo ya zile nyumba za mapazia mazito mjini, na mke wake haendi kushikwashikwa. Rafiki yangu wa kanisani naye ameniambia hamamu ni ya Waislamu, ukiingia umeshiriki ibada yao. Tena nina presha, nameza dawa kila asubuhi.

Mimi huoga kwa karai, maji ya jiko la kuni, mlango nimeutia komeo. Watu ndio nimewaogesha: watoto wangu, wajukuu, na mama mkwe miaka minne alipokuwa hawezi hata kujigeuza kitandani, hadi Mungu alipomchukua. Mimi mwenyewe sikumbuki niliogeshwa lini mara ya mwisho.

Nimwambie binti arudishiwe pesa zake? Naogopa kumvunja moyo.

Mama wa Viazi, Mau Narok

JIBU

Mama wa Viazi,

Pole kwa shamba. Jalidi haipigi hodi, na mwenye viazi vilivyotoa maua ndiye anayejua uchungu wake.

Sasa tuje kwa safari. Pesa zisirudishwe. Nenda. Hofu ulizoniandikia ni tano. Nne kati yake zinahusu kinachofanyika mle ndani, na nitakueleza hatua kwa hatua. Ya tano hukuiita hofu. Uliiweka karibu na mwisho wa barua, kama mtu anayetaja jambo njiani huku anaenda zake. Hiyo nitaijia baada ya nyingine.

Tuanze na nguo. Hamamu zinazofuata desturi hutenga wanawake na wanaume. Nyingine zina pande mbili kabisa, kila upande na mlango wake. Nyingine hugawa saa au siku. Chache, hasa zinazolenga watalii, huchanganya watu, na huko unaweza kumkuta mwanamume ndiye anayewasugua wageni wa kike. Kwa hiyo muulize binti leo hii: hiyo uliyolipia, upande wa wanawake uko peke yake? Mwogeshaji ni mwanamke? Kwa Kituruki mwogeshaji wa kike huitwa natır, wa kiume ni tellak. Binti aandike neno natır kwenye ujumbe wa kuthibitisha nafasi, na ajibiwe kwa maandishi. Jibu hilo likifika, nusu ya haya yako imekwisha.

Mkifika mtapewa kijisanduku cha kufungia vitu, ndara, na kitambaa cha pamba kinachoitwa peştemal. Jina lisikutishe, ni leso. Unaifunga kifuani vile vile unavyojifunga ukitoka bafuni kwenda chumbani. Ndani yake unabaki na chupi. Sitakuficha: wakishalala juu ya jiwe, wanawake wengi wa kule hubaki na chupi peke yake. Wewe ukitaka kuvaa nguo ya kuogelea, au sidiria kuukuu usiyoionea huruma, hakuna atakayekukataza. Beba chupi nyingine kavu mkobani, maana ile itarowa chapa. Hereni, cheni na pete acha hotelini. Dhahabu na fedha hushika joto, na kitu kikianguka kwenye mapovu hukioni tena.

Na nywele, mama. Hili watu husahau kutuambia sisi tunaosuka. Mwogeshaji humwaga maji kichwani bila kuuliza, kisha huosha nywele kwa sabuni. Kama umelipa kusukwa, au umepigwa blodrai ya safari, mwonyeshe kichwa kwa kidole na utikise mkono: hapana. Au nenda na kofia ya plastiki ya kuogea. Vinginevyo utatoka mle unafanana na kondoo aliyenyeshewa.

Sasa ingia ndani. Hamamu ni vyumba vitatu vinavyofuatana kwa joto. Cha kwanza ni ukumbi wa kubadilisha nguo na kupumzika, wenye ubaridi wa kawaida. Cha pili kina vuguvugu, mwili upate kuzoea. Cha tatu ndicho cha kuogea, nacho Waturuki hukiita hararet. Usikie neno hilo: ni ndugu wa harara yetu. Chini ya sakafu mna njia zinazopitisha hewa ya moto kutoka kwenye tanuri, ujuzi ambao Warumi walikuwa nao tangu zamani. Kwa hiyo joto linapanda kutoka chini, kupitia marumaru, na ukilala linakuingia mgongoni. Katikati pana jukwaa kubwa la jiwe, göbek taşı, yaani jiwe la kitovu. Juu yake kuba lenye vitundu vya vioo, mwanga unashuka kwa vipande vipande ndani ya mvuke.

Utalala hapo kama dakika kumi au kumi na tano, jasho likutoke, ngozi ilainike. Kisha natır atakuja. Atavaa mkononi kese, glavu ya kitambaa kinachokwaruza, na atakusugua kuanzia mabega mpaka nyayo. Unalijua dodoki la Jumamosi jioni, lile tulilosuguliwa nalo utotoni ili Jumapili tukaonekane watu kanisani? Ndilo hilo, ila limeenda shule. Baada ya hapo anachovya mfuko wa kitambaa kwenye maji ya sabuni, anaupuliza na kuukamua, na povu linakushukia mwili mzima kama blanketi. Juu ya povu ndipo anapokukanda: mabega, mgongo, mashavu ya miguu. Hiyo ndiyo masaji ya hamamu yenyewe, ya dakika chache na mkono mzito. Masaji ya mafuta ni huduma ya ziada, chumba kingine, malipo mengine, na huna lazima ya kuichukua.

Mimi mara yangu ya kwanza niliingia nikiwa na haya kuzidi zako. Natır wangu alikuwa mama mnene wa umri wa shangazi yangu, mikono kama ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Kiingereza hakujua, nami Kituruki sikujua. Alipiga jiwe kofi mara mbili: lala hapa. Nikalala. Baada ya kunisugua kwa muda aliunyanyua mkono wangu akausogeza mbele ya macho yangu, nikaona nongo zimejikunja kijivu kama vipande vya uzi. Na asubuhi ile nilikuwa nimeoga! Nikataka kuzama ndani ya jiwe. Yeye alicheka, akajionyesha mkono wake mwenyewe, akafanya ishara ya kusugua, kama anayesema, "Hata mimi." Tulipomaliza alinishika mkono akaniongoza juu ya marumaru yenye maji mpaka kwenye birika, hatua fupi fupi, kama anayemtembeza mtoto anayejifunza kwenda. Pale ndipo haya zangu ziliponitoka, sijui ziliingia mfereji gani.

Kuhusu mwili wako uliozaa watoto watano, utawakuta waliozaa saba. Utawakuta wenye makovu ya kisu cha upasuaji, wenye matiti yaliyonyonyesha, na bibi harusi mtarajiwa aliyeletwa na mashangazi. Hakuna anayemtazama mwenzake mara mbili.

Hofu ya pili ni ya baba watoto. Usimcheke, wala usigombane naye. Neno masaji limechafuliwa na watu wenye biashara nyingine, mijini kwetu na hata huko Istanbul, kwa hiyo anacho cha kuhofia. Mpe mambo ya kupimia. Hamamu ya heshima ina bango la bei mlangoni, upande wa wanawake usioingiwa na mwanamume, ukumbi wa wazi ambako wamama wanaonekana wakinywa chai, na watu wanaogeshwa pamoja katika chumba kimoja kikubwa. Ukiona ngazi ya giza, kijana anayekuvuta mkono barabarani, bei inayobadilika mkishaingia, au mlango wa peke yako na mwanamume ndani, geukeni mrudi. Kisha mwambie jambo jingine: wewe ndiye mwenye mwili. Natır akigusa mahali usipotaka, mkono wako ukiinuka anaacha. Hakuna aliyelipa ili akose haki ya kusema basi.

Ukitaka kumtuliza zaidi, mwonyeshe historia. Hamamu ya Çemberlitaş, mojawapo ya zile maarufu za Istanbul, ilijengwa mwaka 1584 kwa amri ya Nurbanu Sultan, mama yake Sultani Murad wa Tatu, na msanifu wake anatajwa kuwa Sinan, fundi mkuu wa Waothmani. Ilijengwa na sehemu ya wanawake tangu mwanzo, na mapato yake yalikuwa wakfu wa kugharamia kazi za hisani za mama huyo. Baba watoto asione kwamba unaingia kichochoroni. Hata mama wa mfalme aliwaachia watu nyumba kama hiyo.

Hofu ya tatu ni ya rafiki yako wa kanisani. Mjibu kwa upole. Ni kweli Waislamu hutilia mkazo usafi wa mwili, na hamamu nyingi zilijengwa karibu na misikiti. Lakini ndani yake hakuswaliwi. Kabla ya mwaka 1453 mji huo uliitwa Konstantinopoli, makao ya wafalme wa Kikristo, na Wakristo wake walikuwa na mabafu yao ya umma, waliyoyarithi kwa Warumi. Maji ya moto yalikuwapo kabla ya hoja hii. Ukioga umeoga. Ukitaka kuomba kabla ya kuingia, omba. Hata mimi niliomba nisiteleze.

Ya nne ndiyo isiyo na mzaha: presha. Joto hupanua mishipa ya damu, na presha hushuka. Dawa yako nayo inaishusha. Viwili hivi vikikutana, ukiinuka ghafla unaweza kuona kizunguzungu, na kuanguka juu ya marumaru yenye sabuni, katika umri wetu, ni kuvunja nyonga. Basi fanya hivi. Kabla ya safari pitia kliniki unakochukua dawa, waeleze kwamba utaingia chumba cha joto na mvuke, wakupime, wakuambie kama inafaa. Wakisema hapana, iwe hapana, na binti ataelewa kuliko mtu yeyote kwa kuwa ni kazi yake. Wakisema ndiyo, kaa kwenye joto kwa muda mfupi kuliko wengine. Lala pembeni mwa jiwe, kwani katikati ndiko moto ulikozidi. Usiingie na njaa, wala muda mfupi baada ya kula umeshiba. Kunywa maji kabla na baada. Ukitaka kuinuka, kaa kwanza, pumua, halafu simama umeshika kitu. Moyo ukienda mbio au macho yakififia, toka uende chumba cha vuguvugu; usione haya kukatiza. Anayeugua kisukari na ganzi ya miguu awe mwangalifu zaidi, maana nyayo zisizosikia moto huungua bila habari.

Dawa zako zibebe kwenye mkoba wa mkononi, usizipeleke na begi la chini ya ndege. Na hapa pana nafuu: saa ya Istanbul na saa ya Mau Narok ni moja, kwa hiyo utameza wakati ule ule uliozoea. Ndege itakuchukua saa sita na ushee. Inuka utembee humo ndani kila baada ya muda. Ukishuka ukaona shavu la mguu mmoja limevimba, lina moto na linauma, usimpe mtu akukande hata kidogo. Inaweza kuwa damu iliyoganda, na hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Ukiogopa kuanza na kitu kigeni ugenini, fanya mazoezi hapa hapa bondeni. Sisi wa Bonde la Ufa tunakaa juu ya birika linalochemka. Pale Eburru, watu wamekinga mvuke unaotoka ardhini kwa miaka mingi, wakaupoza ukawa maji ya kunywa, na pareto imekaushwa kwa joto hilo hilo tangu enzi za walowezi. Huko Olkaria, ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate, kampuni ya umeme ya KenGen ina bwawa kubwa la kuogea linalopata maji kutoka visima vya mvuke. Shuka hadi Njoro, pita Nakuru na Gilgil mpaka Naivasha, kisha ufuate barabara ya kusini mwa ziwa. Piga simu kwanza ujue kama liko wazi, na ukumbuke kuna ada ya hifadhi mbali na ya bwawa. Nenda na wenzako wawili wa kanisani, huyo wa ibada akiwa mmoja wao. Utajua mwili wako unavyopokea joto kabla hujafika mbali. Ila usiende Ziwa Bogoria na taulo. Chemchemi za huko zinachemka kweli, watu huchemshia mayai.

Na usidhani jambo lenyewe ni la Waturuki peke yao. Zanzibar, katika Mji Mkongwe, kuna mtaa unaoitwa Hamamni. Umepata jina kwa bafu ambalo Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwajengea watu wa mji kwa mkono wa fundi wa Kiajemi. Nje kidogo ya mji, Kidichi, kuna jingine ambalo baba yake, Seyyid Said, alimjengea mkewe Mwajemi katikati ya mashamba ya karafuu mwaka 1850. Yote mawili leo ni ya kutazamwa, hayana tone la maji. Lakini desturi yenyewe Pwani haijakauka. Bibi harusi bado hufungiwa ndani akasingwa kwa singo, mchanganyiko wa karafuu, liwa, maua makavu na marashi, mpaka ngozi inang'aa. Anayemsinga ni mwanamke mzima anayejua kazi yake, na anayesingwa hafanyi lolote. Kazi yake siku hiyo ni kukaa.

Lugha nayo itakusaidia. Mle ndani utasikia sabun, ni sabuni. Utaletewa çay, ni chai. Ukimaliza utatoa bahşiş, ni bahshishi; mwogeshaji mpe mkononi mwake, binti atakuambia kiasi, na bei ya huduma muulize kabla, maana hamamu za kihistoria hutoza mara nyingi zaidi ya zile za mitaani. Ukitoka umejifunga taulo kichwani, mtu atakuambia sıhhatler olsun. Waturuki humwambia hivyo aliyetoka kuoga au kunyolewa. Ndani yake mna siha. Wanakuombea afya.

Sasa nirudi kwenye lile la tano.

Uliandika kwamba umewaogesha watoto wako, wajukuu, na mama mkwe miaka minne. Kisha ukaandika hukumbuki uliogeshwa lini. Nilisoma hapo mara tatu. Huku kwetu juu, mtu mzima haogeshwi ila kwa sababu tatu: amejifungua, ni mgonjwa hajiwezi, au amekufa. Mikono yako inazijua zote tatu. Umemgeuza mama mkwe ubavu huu na ubavu ule, umepasha maji alfajiri baridi ikiwa imeshika paa la mabati, umekausha katikati ya vidole vyake ili pasitoke vidonda. Ndiyo maana ulipoiona picha ya mwanamke amelala juu ya jiwe anamwagiwa maji, moyo ulishtuka. Nadhani hukushtushwa na uchi. Ulijiona mahali pa mama mkwe.

Kule Pwani nimekuonyesha sababu ya nne, ile ya bibi harusi. Anaogeshwa akiwa mzima wa afya, hana uchovu wala kidonda, kwa kuwa tu ana thamani machoni pa waliomzunguka. Mau Narok hatuna desturi hiyo kwa mama wa miaka 58. Tuna ile ya kumsifu kwamba hachoki. Anaamka kabla ya wote, anaoga wa mwisho, maji yakiwa yamepoa, na tunamwita nguzo ya nyumba. Kumwambia nguzo alale chini ni kama kumtukana, naye mwenyewe anakuwa wa kwanza kukataa.

Sasa mfikirie binti. Ni muuguzi Ujerumani. Unajua asubuhi yake huanzaje? Wauguzi wengi kule huanza zamu kwa kuwaogesha wazee: anajaza beseni, anapima joto la maji kwa mkono, anamsugua mgongo bibi wa watu, anamkausha, anampaka mafuta. Ukoo mwingine, lugha nyingine, mama wa mtu mwingine. Kazi hiyo aliiona kwako kabla ya kuisomea. Kwa miaka minne ya mama mkwe, kama alikuwa bado nyumbani, ni nani aliyekuwa akikushikia karai? Sasa analipwa mshahara kuwaogesha mama za watu, na mama yake anajimwagia maji peke yake, mlango umetiwa komeo, kwenye baridi ya zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Aliposema utaogeshwa usahau shamba, huenda hakuwa akifikiria anasa. Kuna deni analoliona kila asubuhi akikunja mikono ya sare yake.

Kwa hiyo usimjibu, "Pesa zako, mwanangu, mimi sihitaji." Hayo ndiyo majibu yetu sisi wamama, na watoto wameyachoka. Mpigie simu umwambie ukweli: naona haya, naogopa presha, baba yako ana wasiwasi, lakini nitakuja. Mwombe mambo mawili. Kwanza, ahakikishe kuhusu natır. Pili, aingie nawe, asikae ukumbini akikungojea.

Na mkiwa ndani, fanya hivi. Kabla mwogeshaji hajaja, mtaachwa kwa muda mpate joto. Kando ya kuta kuna mabirika ya marumaru, na kwenye kila birika bakuli la chuma la kumwagia maji. Waturuki huliita tas. Pwani yetu huliita tasa. Utataka kulichukua wewe umwagie binti, kwa mazoea. Mikono itakwenda yenyewe. Izuie. Kaa kwenye kijingazi cha jiwe, mgeuzie mgongo, mpe yeye tasa. Usimwambie maji yawe ya moto kiasi gani, anajua kupima.

Ukirudi, niandikie.

Mshauri wako